Masweta ya Siku ya Wageni

Kitu ambacho Mwalimu Selina hakivumilii hapa duniani ni kamasi. Ukipita kwake asubuhi, pale Rhotia karibu na mashine ya kusaga, utamkuta barazani na watoto wake wa darasa la awali, na kabla hajatamka a wala u, anapita puani. Mmoja mmoja. Aproni yake ina mifuko miwili: wa kushoto vitambaa visafi, wa kulia vilivyokwisha kufanya kazi. Ole wako umlete mtoto ambaye kamasi imekauka ikachora njia mbili mpaka mdomoni. Atakurudisha wewe mzazi, mtoto atabaki. Sokoni Karatu wanamjua. Kuna muuza vitunguu mmoja, mtu mzima na ndevu zake, aliambiwa akanawe masikio kwanza ndipo auze, na akaenda.

Wapo wanaosema ni kiburi cha walimu wa zamani. Kiburi wapi! Yule mama ana kinyaa tu, na kinyaa chenyewe hakikutokana na watoto. Alikitoa kwa watu wazima waliooga wakanukia manukato, kule alikofundisha kabla ya kuhamia barazani kwake, mahali ambapo mji mzima unapaita Kwa Remi.

Remi ni Remigius, mzaliwa wa hapahapa, aliyeendesha magari ya watalii mpaka mgongo ukamgomea. Barabara ya kupanda Ngorongoro aliijua kona kwa kona, na alijua na jambo jingine: mgeni akishaona simba na faru, anaanza kutafuta watoto wa kuwahurumia na kuwachangia. Basi akajenga darasa la mabati kando ya lami, ukutani akachoresha twiga na herufi, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu, Mgeni njoo mwenyeji apone. Halafu akamfuata Selina, ambaye alikuwa ameacha kazi shule ya serikali baada ya kufiwa na mumewe, Thomasi. Selina hakujivuta. Watoto wadogo aliwapenda, na nyumba yake ilikuwa imepoa kupita kiasi.

Siku za kawaida shule ilikuwa shule. Watoto walivaa masweta yao ya kijani, wakanawa kwenye ndoo yenye bomba mlangoni, wakasoma, wakanywa uji. Balaa lilikuwa siku ya wageni.

Siku ya wageni, jamani! Remi akipigiwa simu kwamba magari yameshapita Mto wa Mbu yanapandisha, alikuwa anatoa gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na masweta mengine, ya zamani, yaliyotoboka viwiko na kuliwa na panya, na hayakuwahi kuona maji tangu yaingie mle. Yalinuka mkojo na moshi na kitu cha tatu ambacho Selina hakutaka kukijua. Mara ya kwanza aliyabeba moja kwa moja kuyapeleka bombani. Remi akamzuia kwa upole, akamwambia, Mama, ukiyafua si yatakuwa masafi? Selina akacheka, akidhani ni mzaha. Mwenzake hakuwa anacheka.

Basi masweta ya kijani yalivuliwa yakafungiwa stoo, watoto wakavishwa yale manguo ya uvundo, ndoo ikafichwa nyuma, na amri ikatoka kwamba pua isifutwe hata moja mpaka magari yaondoke. Remi alisema mgeni anapenda kufuta mwenyewe. Ana karatasi yake laini, ameibeba tangu kwao, umnyime raha ya kuitumia kwa nini? Afute, apigwe picha akifuta, aende zake ameridhika. Na Selina alisimama mlangoni, mikono mgongoni, akiangalia kamasi zikishuka na nzi wakitua juu yake, vidole vinamwasha. Kuna siku alizunguka nyuma ya darasa akatema mate mpaka koo likakauka.

Lakini tuseme, nguo chafu inafulika. Kilichomchafua roho hasa kilikuwa somo lenyewe.

Sijui nani aliwaambia, ila kila mgeni, awe kwao ni fundi umeme au hakimu, akisimamishwa mbele ya watoto wa Karatu anajiona mwalimu wa rangi. Anachomoa kalamu nyekundu, anaiinua juu, anasema redi. Sasa darasa zima likijibu redi kabla hajafungua kinywa, kazi imeisha, anabaki na mkono wake hewani hana la kufanya. Remi aliliona hilo mapema, akalitafutia dawa. Akawafundisha watoto kutojua.

Ndiyo, umesikia vizuri. Kila Ijumaa baada ya uji aliwakalisha, akavaa kofia ya kitalii, akajifanya yeye ndiye mgeni. Mgeni akikuuliza, inamisha kichwa, nyamaza. Akiuliza tena, taja rangi nyingine. Akikupa jibu, lirudie polepole, kisha ucheke na upige makofi. Aliyeigiza vizuri kupita wote alipewa pipi. Na watoto ni watoto, mambo haya waliyashika upesi kuliko walivyoshika herufi yoyote. Selina alimwendea akamwambia kwamba huku si kufundisha, ni kuharibu. Remi akamjibu kwa hiyo methali yake ya mlangoni, na akamkumbusha kwamba siku nyingine zote darasa ni lake, afundishe apendavyo, yeye anaomba siku ya wageni na ile saa ya Ijumaa tu. Selina akaguna, akarudi darasani. Alijiambia kwamba kile anachopanda yeye kina mizizi zaidi.

Na alikuwa anapanda kwelikweli. Rangi na kusoma alivifundisha pamoja, kwa njia aliyoipata kwa mama mmoja wa Kimasai, Nareyu, aliyekuja kutoka Malambo kumfuata mumewe, mlinzi kwenye hoteli moja pale mjini. Nareyu alikuwa anatunga shanga za kuuza, na siku moja alimletea mwalimu kopo la shanga zilizobaki, watoto wachezee. Selina akazigawa kwa rangi. Nyeupe akaiita a, nyekundu e, bluu i, kijani o, njano u. Herufi nyingine akaziandika kwa makaa juu ya visoda vya chupa alivyookota nje ya baa. Mtoto akiweka kisoda cha m, akaweka na shanga nyeupe, anasema ma. Akirudia tena hivyohivyo pembeni yake, anashtuka amemwita mama yake.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Namelok, binti wa Nareyu mwenyewe. Alipanga visoda viwili na shanga mbili juu ya mkeka, akaviangalia, midomo ikicheza, kisha akasema mama kwa sauti ndogo na kutazama mlangoni kama mama yake ameingia. Selina aligeukia ukutani akafuta pua yake mwenyewe. Baada ya hapo mtoto hakushikika. Alisoma mifuko ya sukari, alisoma matangazo ya soda, alisoma hata ile methali ya Remi, akauliza mwenyeji anaumwa nini.

Nareyu hakusoma hata darasa la kwanza, na kwa mtoto huyu alikuwa na nia moja. Kulikuwa na shule ya masista, ya bweni, huko juu mlimani, inayochukua mabinti wachache, na kabla ya kuwapokea Sista Doreen alikuwa anamsaili kila mtoto peke yake: rangi, irabu, neno fupi. Baba yake Namelok alikuwa ameshakata shauri. Mtoto akipita kwa masista, atasoma. Akikosa, anarudi Malambo kwa bibi yake, ndama wapo wa kuchunga, na habari za shule ziishe. Nareyu alimfuata Selina kumuuliza kama kweli mtoto anasoma, kwa sababu yeye angejuaje? Selina akamwambia apange tu safari ya mlimani. Atapita, alisema. Kama huyu hapiti, hakuna anayepita.

Siku mbili kabla ya usaili, wageni wakaja. Namelok akawekwa mstari wa mbele, maana katika mchezo wa Remi pia hakuwa na mpinzani. Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana akachuchumaa mbele yake, akainua kalamu nyekundu. Namelok akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, akanong'ona, yelo. Yule mama macho yakamlegea kwa huruma. Akamwambia redi, mara moja, mara mbili, na mtoto akarudia polepole, reeedi, akacheka, akapiga makofi, na wageni wote wakapiga makofi, na simu zikainuliwa. Kisha ikatoka ile karatasi laini, kamasi ikafutwa, picha nyingine. Remi alikuwa anang'aa meno yote nje.

Magari yalipoondoka, Namelok alipita mlangoni na pipi yake shavuni. Akamvuta mwalimu aproni. "Mwalimu, ile ni nyekundu," alinong'ona. "Ile ni e."

Hapo ndipo Selina alipopaswa kusema kitu. Aliona aibu kama aliyekamatwa anaiba. Lakini alimfuta kamasi iliyobaki, akamwambia ndiyo, ni e, akamwacha aende kucheza.

Siku ya usaili walipanda mlimani wote watatu. Nareyu alivaa shuka mpya na shanga zake zote. Namelok alikuwa amesuguliwa mpaka anang'aa. Wakaambiwa wazazi wakae kwenye benchi nje, mlango ukaachwa wazi. Ndani, Sista Doreen alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi cha mtoto, nguo nyeupe, miwani, uso mwema. Mezani kulikuwa na glasi imejaa kalamu za rangi. Akamkaribisha mtoto, akatabasamu, akachomoa kalamu nyekundu, akaiinua juu.

"Hii ni rangi gani, mwanangu?"

Namelok akainamisha kichwa.

Selina aliona kila kitu kabla hakijatokea. Mtu asiyejulikana, kiti kifupi, tabasamu, kalamu juu. Alishika mkono wa Nareyu bila kujua. Sista akauliza tena, taratibu, na mtoto akanong'ona, njano. Ikaja bluu, akasema nyekundu. Ikaja kadi yenye irabu a, akanyamaza, kisha akasema u. Sista akamsaidia, akamwambia hii ni a. Namelok akarudia polepole, aaa, akacheka, akapiga makofi, akaangalia mikono ya sista kutafuta simu ya picha.

Selina akaingia bila kubisha hodi. Akaeleza, maneno yanagongana, kwamba mtoto anajua, anasoma, ila amefundishwa kujificha mbele ya mgeni. Sista akamsikiliza, na tumpe haki yake, akakubali kujaribu tena. Kalamu ikainuliwa. "Sema, mwanangu," Selina akamwomba, "sema unachokijua." Namelok akamtazama mwalimu wake, akamtazama sista, na akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeujua mchezo na hatakubali kukamatwa kirahisi. Akainamisha kichwa. Akasema, kijani.

Sista akaiweka kalamu kwenye glasi. Nje kulikuwa na wazazi wengine na watoto wao. Akasema kwa upole mtoto bado mdogo, hana haraka, waje naye mwakani.

Walipofika nje Namelok alikuwa anarukaruka. Akasimama mbele ya Selina, akanyoosha kiganja.

"Nimefanya vizuri, Mwalimu?"

Alikuwa anangoja pipi. Nareyu alikiangalia kile kiganja, akamwangalia na mwalimu. Maelezo ya ndani alikuwa ameyasikia, lakini alitaka ayasikie tena, na Selina akamwambia yote: gunia, Ijumaa, kofia, pipi. Nareyu hakupandisha sauti.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni," Selina alisema.

Njia nzima ya kushuka Nareyu alitangulia, amemshika mtoto mkono. Na hapo ndipo kinyaa cha Mwalimu Selina kilipomgeukia mwenyewe. Miaka yote alikuwa anamwona Remi ndiye mchafu, kumbe yeye mwenye vitambaa vya kushoto na kulia alisimama pembeni akingoja magari yaondoke ndipo afute. Nyani haoni kundule. Alinawa mikono alipofika nyumbani, akanawa tena, na bado akaiona inanuka lile gunia.

Jumamosi akafungua stoo, ufunguo alikuwa nao, akalibeba gunia mpaka bombani. Akafua. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yalitoka kama chai, na katikati ya povu walielea chawa waliokufa na mavi ya panya. Mengine yalimfia mikononi yakawa nyuzi tu. Yaliyobaki akayaanika juu ya uzio kando ya lami, na hayo matundu yao, kila apitaye ayaone. Kisha akaenda kwa Nareyu. Hakuomba msamaha mrefu, maana ungemsaidia nini? Alimwomba tu amlete Namelok Jumatatu, siku ambayo wageni walitarajiwa, kabla hajapelekwa Malambo, na aje yeye mwenyewe, asimame pale mlangoni.

Jumatatu watoto walivaa masweta ya kijani, wakanawa, pua zikafutwa. Selina akawaambia mchezo wa Bwana Remi umekwisha. Leo anayejua aseme anajua. Hata kwa mgeni. Watoto wakatazamana, maana hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Remi alifika pamoja na wageni, magari mawili, akaona uzio, akaona ndoo mlangoni, akaona watoto wanang'aa. Uso ulimbadilika, lakini ungegombana vipi mbele ya wageni? Akatabasamu meno yakiwa yamebana, akamwambia Selina kwa pembe ya mdomo kwamba wataongea.

Safari hii aliyesimama mbele alikuwa mzee mmoja wa Kizungu mwenye kaptura, mpole tu, hana baya. Akatoa kalamu nyekundu, akaiinua. Macho ya watoto yakaenda kwa Remi, yakarudi kwa Selina. Mlangoni Nareyu alikuwa amefunga mikono kifuani.

Namelok akainamisha kichwa. Mtoto akakaa hivyo muda, akichezesha kidole cha mguu kwenye vumbi, kisha akainua uso.

"Redi," alisema.

Na hakuishia hapo. Akazitaja rangi zote zilizokuwa mkononi mwa yule mzee, akaenda mkekani, akapanga visoda na shanga, akasoma mama, akasoma maji, akasoma Malambo. Nareyu alitoa mkono kifuani akajiziba mdomo. Ni mara yake ya kwanza kumsikia mtoto wake anasoma.

Yule mzee akasema vizuri, vizuri, kwa Kiingereza chake. Alingoja kidogo. Halafu akaichomeka kalamu mfukoni, akazungusha macho darasani kama mtu aliyeingia duka asilolitaka. Mwenzake aliyeshika simu akaishusha. Dereva akasema wasichelewe geti la Ngorongoro. Milango ya magari ikafungwa, wakaenda, na darasa lile halikupigwa picha hata moja.

Remi alimfukuza Selina palepale, na Selina alikuwa ameshavua ile aproni ya shule ameikunja juu ya meza. Nareyu alikuwa bado mlangoni. Akamwambia mwalimu kwamba atakwenda kuongea na baba yake mtoto, amwambie amemsikia kwa masikio yake mwenyewe, ndama wangoje mwaka mmoja. Na akauliza kama ile baraza ya Rhotia ina nafasi. Selina akasema ipo.

Namelok hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ametoka mpaka ukingo wa lami, akasimama chini ya yale masweta yaliyofuliwa, akiangalia vumbi la magari. Akarudi polepole. Safari hii hakunyoosha kiganja.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Selina akapiga magoti na kitambaa kisafi mkononi, lakini pua ilikuwa kavu, hapakuwa na cha kufuta. Akamwambia hukukosea popote, mwanangu, umepatia yote. Mtoto akamtazama, akaitazama barabara walikopotelea wale wageni, na hakuamini.